Mng'oko Unalisha Nini?

Basi likisimama njia panda huko Kusini, kati ya Lindi na Masasi, mabeseni hufika madirishani kabla dereva hajazima injini. Korosho zipo, ndizi zipo, mayai ya kuchemsha yapo. Na katika beseni moja, chini ya nailoni iliyoloa mvuke, kuna vimizizi vyembamba vya rangi ya udongo, virefu kuliko kidole, vimepangwa mafungu mafungu. Mara ya kwanza nilipouliza bei, mama mwenye beseni hakunitajia bei. Aliokota mmoja, akauminya upande mmoja kwa dole gumba, ganda likachanika na nyama nyeupe ikachomoza.

"Onja kwanza, mwanangu. Bei haikimbii."

Nikaonja. Chumvi kidogo, utamu wa mbali, na ulaini wa kiazi kikuu kilichoiva barabara. Nikanunua mafungu mawili, na hatukufika Masasi nayo. Mengi yaliishia kwa abiria wa jirani yangu, kijana mzaliwa wa Newala, ambaye alinieleza huku anatafuna kwamba nimekosea jambo moja tu: ming'oko huliwa na chai ya rangi.

Mng'oko ni kiazi cha porini. Wataalamu wa mimea huuita Dioscorea hirtiflora, ukoo mmoja na kiazi kikuu. Huota wenyewe katika vichaka na misitu ya Mtwara na Lindi, shina lake likijisokota juu ya miti, na mvua zikikatika majani hukauka na kupukutika, akiba yote ya mmea ikiwa imehamia chini. Hapo ndipo wachimbaji huingia porini. Hulifuata shina kavu mpaka linapozama ardhini, kisha huchimba taratibu kwa jembe au muo. Jina lenyewe, sikioni mwa Mswahili, linakaa jirani na kitenzi kung'oka, lakini anayejaribu kuuvuta bila kuchimba hubaki na kipande mkononi. Nje ya mipaka yetu, Watonga wa kusini mwa Zambia wanauchimba pia. Wao huuita lusala, na huuzwa mpaka kwenye masoko ya Lusaka.

Sasa, ukiuliza mng'oko unalisha nini, utapewa majibu ya aina mbili, na yote mawili yananikera. La kwanza ni la wauza dawa: unashusha presha, unaondoa sukari, unaongeza nguvu za kiume, unafungua kizazi. La pili ni la watu waliosoma kidogo kuhusu lishe: "Huo ni wanga mtupu." Wa kwanza wanaupa mzizi kazi usiyoiweza. Wa pili wameusoma mstari mmoja wa jedwali wakafunga kitabu. Chakula ambacho watu wa Kusini wamekipenda kwa vizazi kinastahili kupimwa kwa uangalifu zaidi ya huo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayopotosha hesabu nyingi. Katika gramu 100 za kiazi kikuu kibichi, kama gramu 70 ni maji. Katika gramu 100 za mahindi makavu, maji ni kama gramu 10 tu. Anayeweka vitu hivyo viwili kwenye mizani kama vilivyo, kisha akatangaza kwamba mahindi yana protini mara sita ya kiazi, amepima zaidi ukavu wa mahindi. Ukiyatoa maji kote, picha inabadilika. Kwa uzito mkavu, protini ya kiazi kikuu ni kama asilimia 5, ya muhogo ni kati ya 3 na 4, ya mahindi na ya kiazi mviringo ni kama 10. Kwa hiyo kiazi kikuu kiko juu ya muhogo na chini ya mahindi, na pengo kati yake na mahindi ni nusu. Si tena mara sita.

Nimetumia kiazi kikuu kwa makusudi. Kwa kuwa mng'oko ni wa ukoo huo, jedwali la kiazi kikuu ndilo kipimo cha karibu cha kuanzia, mradi tukumbuke kwamba mmea wa porini haulingani kutoka shimo hadi shimo. Mzizi uliochimbwa mapema, kabla shina halijakauka sawasawa, una maji mengi na wanga kidogo. Uliokaa ardhini ukakomaa ni mzito mdomoni na kwenye mizani pia. Udongo, kivuli na umri wa mmea vyote vina sauti yao.

Chukua basi sahani ya gramu 300 za kiazi cha ukoo huu kilichochemshwa, yaani mlo wa mtu mzima wa asubuhi na chai yake. Nishati ni kama kalori 350. Protini ni gramu 4 na nusu. Mafuta karibu hayapo. Nyuzinyuzi ni kama gramu 12, na hilo tayari ni jambo la kulitazama mara mbili, kwa sababu mtu anayekunywa chai na vipande vya mkate mweupe hapati hata robo ya hizo. Vitamini C ni kama miligramu 36, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Na potasiamu ni kama miligramu 2,000.

Hapo kwenye potasiamu nataka tukae. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na watu wengi duniani hawafiki hapo. Potasiamu husaidia figo kutoa chumvi mwilini na mishipa ya damu kulegea, na kwa njia hiyo husaidia kushusha shinikizo la damu. Sahani moja inayokupa zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku si kitu cha kubeza katika nchi ambayo shinikizo la damu limeacha kuwa ugonjwa wa wazee wa mjini. Kwa hiyo yule muuza dawa hakutunga yote. Kuna kokwa ya ukweli ndani ya maneno yake. Ila analosahau kulisema ni kwamba ming'oko huchemshwa na chumvi, na wapishi wengine huimimina kwa mkono uliokunjuka. Shirika hilohilo linataka chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ukichemsha potasiamu katika maji ya bahari, umeipa figo kazi mbili zinazovutana. Na mgonjwa wa figo anayeambiwa na daktari apunguze potasiamu hapaswi kabisa kuusikiliza ushauri wa mezani kwamba "mzizi wa porini hauna madhara".

Kuhusu uzazi na homoni, chanzo cha uvumi kinajulikana. Katika miaka ya 1940, mkemia wa Marekani Russell Marker alichukua viazi vya porini vya Meksiko vya ukoo huu wa Dioscorea, akatoa ndani yake kitu kiitwacho diosijenini, na katika maabara akakigeuza kuwa projesteroni. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya homoni za bei nafuu na baadaye vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini mageuzi hayo yalihitaji kemikali na hatua za maabara ambazo mwili wa binadamu hauna. Hata mng'oko ungekuwa na diosijenini tele, tumbo la mama lisingeigeuza kuwa homoni. Mwanamke anayetafuta mtoto na kuuziwa mizizi ya kusaga kwa bei ya hospitali anaibiwa, na nasema hivyo bila kutafuna maneno.

Sasa protini. Gramu 4 na nusu katika sahani nzima ni kidogo, wakati mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Anayesema "wanga mtupu" ana hoja yake hapa, na hoja hiyo inazidi nguvu tukitazama ubora. Protini ya viazi hivi ina upungufu wa asidi za amino zenye salfa, yaani methionini na sisteini, na laisini yake nayo haijitoshelezi. Lakini swali la jikoni halikuwa kamwe mng'oko peke yake una nini. Swali ni mng'oko uko na nani sahanini.

Na hapa Kusini pana bahati ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Mtwara na Lindi ni nchi ya mbaazi. Mbaazi kavu ina protini zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, na imejaa laisini. Mtwara na Lindi, hasa Lindi, ni nchi ya ufuta pia, na ufuta una methionini ambayo mbaazi na viazi vinaikosa, tena karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kitu ambacho mng'oko karibu hauna. Pwani ina dagaa na samaki wakavu. Mng'oko, mchuzi wa mbaazi uliotiwa ufuta uliotwangwa, na kipande cha samaki: kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na vyote vinapatikana ndani ya mkoa mmoja. Tatizo ni kwamba mbaazi na ufuta vimekuwa kwanza mazao ya kuuza. Mwaka 2017 India ilipoweka mipaka kwenye uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka vibaya na wakulima wa Kusini wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Kilichozungumzwa mwaka ule kilikuwa soko, soko, soko. Mbaazi kama chakula cha watoto wa mkulima mwenyewe ilitajwa kwa nadra, na kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuporomoka kwa bei.

Ninaposema watoto, ninasema udumavu. Takwimu za taifa zinaonyesha watoto waliodumaa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015 hadi 2016, na asilimia 30 katika ule wa 2022. Ndani ya wastani huo kuna jambo linalopaswa kutunyima usingizi: Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi, ndiyo yenye udumavu wa kutisha, kiasi cha nusu ya watoto wote au zaidi. Ghala limejaa na mtoto hakui. Anayefikiri kwamba kuongeza wanga, wa mahindi au wa mng'oko, ndiko kulisha mtoto, basi aende Njombe akaone. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama kikombe. Ukilijaza kiazi kilichopondwa na maji, limejaa, mtoto amenyamaza, na mwili haujapata kitu cha kujengea. Kiazi kilekile kikipondwa pamoja na kijiko cha unga wa ufuta au karanga na dagaa waliosagwa laini, kikombe kilekile kinabeba nishati nyingi zaidi na protini ya kweli. Mafuta, tena, ndiyo yanayosaidia vitamini A ya mchicha na kisamvu ifyonzwe kwenye utumbo. Wakunga na bibi wengi wanalijua hili bila jedwali lolote.

Kuna fadhila ya mng'oko isiyoonekana kwenye jedwali kwa sababu majedwali hupanga kilichomo, na fadhila hii ni ya kisichokuwamo. Muhogo, chakula kikuu cha Kusini, una aina chungu zinazobeba sianidi nyingi. Muhogo huo ukilowekwa, ukavundikwa na kuanikwa kwa siku za kutosha, sumu hutoka. Ukiharakishwa, kwa sababu ya njaa au haja ya kuuza, sumu hubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Mtwara vilipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla, na aliyepooza hivyo hapati tena miguu yake ya zamani. Wanaoupata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tarime ilikuwa imeshauonja mwaka 1985. Mwili hujitetea dhidi ya sianidi kwa kutumia salfa kutoka kwenye zile asidi za amino tulizozitaja, kwa hiyo konzo hukaa nyumba ambayo muhogo umeandaliwa kwa haraka na hakuna mbaazi, samaki wala yai. Mng'oko huchemshwa saa moja ukaliwa. Hauhitaji kuvundikwa wala kulowekwa. Kila sahani yake inayochukua nafasi ya unga wa muhogo ulioharakishwa ni sahani isiyo na hatari hiyo, na kwa familia iliyowahi kumwona mtoto akianguka njiani kutoka kisimani, hilo ni lishe ya daraja la kwanza.

Nisieleweke vibaya: usalama huo ni wa mng'oko, si wa kila kiazi cha porini. Upo ndiga, ambao nao ni wa ukoo wa Dioscorea, nao una sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Wazee wanaoujua huukata vipande vyembamba na kuulaza kwenye maji yanayotiririka kwa siku kadhaa kabla ya kuupika, na hata hivyo huula mwaka wa dhiki tu. Majani ya ndiga hutoka matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na shina lake lina miiba. Ya mng'oko hutoka jani moja moja, lenye umbo la moyo. Lakini kumbuka kwamba wakati wa kuchimba majani yameshakauka. Mchimbaji anategemea shina, udongo, harufu na kumbukumbu ya mahali alipouona ukiwa kijani. Hiyo ni elimu ya kutembea porini na bibi tangu utotoni, na haihamishwi kwa kijitabu.

Kusini imeila mizizi kwa sababu zote mbili, kupenda na kulazimika. Katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili kuwashinda watu kwa njaa, na waliokufa kwa njaa hiyo walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Waliosalia waliishi kwa pori. Nadhani kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizovipa viazi vya porini jina baya la "chakula cha njaa", na jina hilo likapakwa kwa vyote bila kuchagua. Ndiga unastahili jina hilo. Mng'oko haukustahili. Mtu haagizi chakula cha njaa kutoka nyumbani akiwa mjini na mshahara mkononi.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi ukienda ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, ambao mizizi yao imechunguzwa na wanasayansi kuliko mizizi ya jamii nyingine yoyote nchini. Mwaka 2009 Frank Marlowe na Julia Berbesque walichapisha matokeo ya kuwauliza Wahadzabe wapange vyakula vyao vitano kwa kupenda. Asali ilikuwa ya kwanza. Mizizi ilikuwa ya mwisho. Na bado mizizi ndiyo inayopatikana mwaka mzima, nyama ikikosekana na matunda yakiisha. Wanawake wazee wa Kihadzabe na vijiti vyao vya kuchimbia walimvutia Kristen Hawkes na wenzake kiasi kwamba, mwishoni mwa miaka ya 1990, walijenga juu ya kazi yao nadharia nzima: kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi anayechimba mizizi huwasaidia wajukuu kuishi.

Lakini walipoipima mizizi yenyewe, watafiti walipata funzo la unyenyekevu. Mwaka 2001 Margaret Schoeninger na wenzake walichapisha uchambuzi wa mizizi ya Wahadzabe na kuonyesha kwamba baadhi yake ina maji mengi na nyuzi ngumu kiasi kwamba mlaji hutafuna, humeza utomvu, kisha hutema makapi. Ukiusaga mzizi mzima maabara na kuandika kalori zake zote, umehesabu na kile kilichotemwa chini. Tangu nilipousoma uchambuzi huo, kila ninapoona jedwali la chakula cha porini naanza kwa kuuliza: kilichopimwa ndicho kilicholiwa? Mng'oko hupita mtihani huo vizuri, maana nyama yake yote humezwa na kinachotupwa ni ganda jembamba tu. Kwa hiyo ukiona namba zake zinafanana na za mizizi ya Eyasi karatasini, mdomoni ni mambo mawili tofauti.

Upo mtego mwingine wa maabara, mdogo lakini unaodanganya wengi: madini chuma. Kila baada ya muda hutokea ripoti kwamba mzizi fulani wa porini una chuma kingi cha ajabu. Mara nyingi chuma hicho ni udongo. Vumbi jekundu lililong'ang'ania kwenye ganda likisagwa pamoja na sampuli hupandisha namba mara kadhaa, na chuma cha udongo mwili hauchukui vizuri. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asitegemee mzizi wowote kumwongezea damu. Mchango wa mng'oko kwake uko kwingine: vitamini C yake husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga za majani na mbaazi anazokula mlo huohuo. Na vitamini hiyo huibakisha zaidi anayechemsha mizizi na maganda yake, kwa maji machache na sufuria iliyofunikwa, kama ambavyo akina mama wa mabeseni wamekuwa wakifanya siku zote. Anayemenya kwanza, akakata vipande, akachemsha na kumwaga maji, anamwaga vitamini na potasiamu pamoja na maji hayo.

Msimu nao ni kirutubishi, kwa maana yangu. Kusini kuna mvua za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Njaa ya kweli huuma mvua zikiwa zinanyesha, kabla ya mavuno mapya, na wakati huo mng'oko uko kwenye majani, haufai kuchimbwa. Mng'oko ni wa kiangazi. Kuna anayeweza kusema basi unakuja ghala likiwa na kitu, hauna kazi. Mimi naona kinyume. Kiangazi ghala lina unga, lakini bustani imekauka. Matembele yamekufa, mlenda umekauka, na kinachobaki ni ugali wa mahindi au muhogo ambao hauna vitamini C hata chembe. Mabibo ya mikorosho yakianza kuiva husaidia sana, maana bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, lakini yana majuma yake nayo yakipita yamepita. Kati ya kukauka kwa bustani na kuiva kwa matunda, mzizi uliojificha chini unashika zamu.

Utashika mpaka lini? Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mng'oko hauna shamba wala mwenyewe, na pori unaloishi lina washindani. Mkulima wa Lindi anayetaka kupanda ufuta husafisha msitu, kwa sababu udongo mpya huzaa vizuri na magugu huwa machache. Baada ya misimu michache huhama, akafyeka pengine. Nimesema ufuta ndio mwenzi bora wa mng'oko sahanini, na siwezi kujizuia kusema kwamba huko porini ndio unaoufukuza. Mikorosho nayo hutaka ardhi safi chini yake, na mkaa hauchagui mti ambao mng'oko umejisokotea. Ongeza uchimbaji wenyewe: fungu likiwa na bei, mashimo huongezeka, na mchimbaji mwenye haraka huchukua vyote asibakishe kitu cha kuchipua.

Nyanda za Juu Kusini zimeshapita njia hiyo. Mizizi ya maua ya okidi, ambayo Zambia hupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chikanda, ilianza kuchimbwa upande wetu wakati mapori ya Zambia yalipoishiwa. Ikavushwa mpaka kwa mamilioni kila mwaka kutoka Makete na majirani zake, na kulinda maua hayo kulikuwa sehemu ya sababu za Kitulo kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Zambia ileile ndiyo yenye lusala, na lusala kule imekuwa ikipungua kwa uchimbaji. Hatuhitaji nabii.

Kinachowezekana si kigumu. Viazi vya ukoo huu huchipua kutoka kichwani, pale shina linapoungana na mzizi. Mchimbaji anayekata sehemu ya chini, akakirudisha kichwa shimoni na kukifukia kabla ya mvua, ameacha mbegu. Kiazi kikuu chenyewe kilifika mashambani kwa njia hiyo: mtu wa kale alichoka kutembea akaleta kichwa karibu na nyumba. Naliendele, kituo cha utafiti ambacho jina lake nchini limefungamana na korosho, kiko katikati kabisa ya nchi ya mng'oko. Sioni sababu ya mzizi huu kutopata kipande cha ardhi pale, upandwe, upimwe kwa msimu na kwa udongo, na vichwa bora vigawiwe kama miche ya mikorosho inavyogawiwa. Na misitu ya hifadhi ya vijiji, ambayo sheria inawapa wanakijiji mamlaka juu yake, ingeweza kuwa na kanuni ya uchimbaji ya mstari mmoja kuhusu kurudisha kichwa.

Mara ya mwisho nilipopita njia panda ile, ilikuwa kiangazi katikati, basi likasimama na mabeseni yakaja. Nililitafuta la ming'oko. Lililokuwa chini ya nailoni lilikuwa limejaa maandazi: ngano nyeupe, sukari, mafuta ya kukaangia. Nikamsalimia mama, nikamuuliza ming'oko imekwenda wapi.

"Ipo, mwanangu, ila pori limesogea. Nikitoka alfajiri narudi magharibi, na mafungu hayafiki sita. Maandazi haya nimeyapika nikiwa nyumbani, na mtoto mgongoni."

Nikanunua mawili.